Siku Niliyokulinda Liège

Mado wangu, popote ulipojificha,

Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yako haipatikani, na kwa sababu nimechoka kuulizwa. Kila Jumapili pale ukumbini tunakosalia, Turffontein, kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, kuna mtu atanijia na sauti ya chini: "Mama Wambui, Mado eko wapi?" Wananiuliza mimi kana kwamba nimekufungia kabatini. Wengine hawaulizi, wananitazama tu, na macho yao yanasema, huyu anajua. Sijui, Mado. Ninachojua ni kwamba mwaka jana uliwaambia majirani zako wa Berea unakwenda harusini Durban, na ulipoondoka ulibeba kichwa cha cherehani. Nani anakwenda harusini na kichwa cha cherehani?

Kazi yangu unaijua. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kule Midrand nalipwa mshahara kwa kutoamini watu. Mwanangu Wambui anasema tabia hiyo naibeba mpaka nyumbani, kwamba hata akiniambia amekula shuleni namnusa mikono. Ni kweli, namnusa. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, halafu rafiki yake wa pekee aondoke bila neno. Nimekukagua mwaka mzima. Nimekupitia tangu siku ya kwanza, nikitafuta ulipoanza kunificha, na kila ninapoanzia, naishia siku ile ya Liège.

Lakini ngoja nianze na magauni, maana wewe nilianza kukushuku kabla hata sijakuzoea. Nilikuwa mgeni kwenye kwaya, Mkenya peke yangu kati ya Wakongo, nimekuja kwa sababu tu niliitamani ibada ya Kiswahili. Nikapanda ngazi za jengo lenu Berea, lifti imekufa, kitenge cha sare kikiwa mkononi. Ulinishonea gauni likanikaa barabara. Nilipoligeuza ndani nikaona mishono imekatwa karibu kabisa na uzi, hakuna hata upana wa kidole uliobaki. Nikajua, huyu ameniibia kitambaa. Mafundi wote nawafahamu. Nikakuuliza mabaki ya kitambaa changu yako wapi. Ukanitazama juu ya miwani, ukafungua mfuko wa nailoni, ukanipa vipande vyangu vyote, mpaka vile vidogo vya kushonea mwanasesere.

"Mi sinaibaka, mama," ulisema. "Lakini sinaachaka nafasi mu mushono. Nikikuachia nafasi, siku unanenepa utaenda kwa fundi mwingine akufungulie. Sasa ukinenepa, utarudia kwangu."

Nilicheka, na nikanenepa, na nikarudi. Kila mwaka nilirudi. Wewe ulinishonea upya, nami nikakaa kwenye kile kitanda chako, maana kiti kilikuwa kimoja tu na ulikikalia wewe, tukamsengenya mchungaji mpaka giza likaingia. Sikuwahi kukwambia hili: nilikuwa nimeshakata tamaa ya kupata rafiki. Umri ule, mji ule, kila mtu anakimbia na yake. Nilikupenda, Mado, ingawa mikono yangu ilibaki kwenye mkoba, kama anayeogopa kuibiwa.

Halafu ukaja mwaliko wa Brussels. Kanisa la Wakongo kule lilitaka kwaya yetu iimbe kwenye ibada yao, na baada ya kusumbuana na ubalozi, baadhi yetu tukapata viza. Unakumbuka Mchungaji alivyokuwa? Yule mzee aliogopa jambo moja kuliko shetani: mwanakwaya kutoroka Ulaya. Mmoja tu akipotea, waliotualika wanaaibika, na ubalozi hautatuangalia usoni tena. Kwa hiyo alizikusanya pasipoti zetu zote kwenye mkoba wa kiunoni, akalala nao. Kisha akatugawa wawili wawili, akasema ndivyo Bwana Yesu alivyowatuma wanafunzi wake. Bwana Yesu sidhani alikuwa akiwaza mambo ya uhamiaji.

Mimi nilipangwa na wewe. Na pale uwanja wa ndege, wakati ulipokwenda kununua maji, Mchungaji alinivuta kando nyuma ya nguzo.

"Mama Wambui, weye uko na akili. Mado simuamini. Eko peke yake, hana mutoto, hana bwana, nini itamurudisha? Usimuache hata akiendaka chooni."

Ningeweza kumkatalia. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu na mimi nilikuwa nimewaza vilevile. Ungetoroka, jina langu lingeoza kanisani, kwaya isingesafiri tena. Lakini hayo yalikuwa ya kusema mbele za watu. Nililoogopa hasa ni kwamba ungetoroka, na kile kitanda cha Berea angekikalia mtu mwingine.

Jumamosi tukapewa siku ya mapumziko. Wenzetu wote walitaka kupiga picha na ile sanamu ya mtoto anayekojoa. Wewe ukasema unataka kwenda Liège. Liège! Hata wenyeji wetu walishangaa, yule mama aliyetulaza akasema Liège ni mji wa viwanda vilivyokufa na mvua, hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema anakwenda Liège kutembea. Ukashikilia. Nikakuuliza sababu, ukasema kuna kalenda.

Ulinieleza ndani ya treni. Kwenu Lubumbashi, baba yako alikuwa na bosi Mbelgiji pale kiwanda cha shaba, na bosi alipoondoka alimwachia kalenda yenye picha ya ngazi ndefu sana zinazopanda mlima katikati ya nyumba. Mwaka ukaisha, kalenda haikushushwa. Ikakaa ukutani miaka na miaka, na wewe ukiwa mtoto ulikula ukiitazama, ukajiuliza juu kabisa kuna nini. Chini iliandikwa Liège.

Nikasema, "Alaa." Moyoni nikasema, nani anavuka nchi kwa ajili ya kalenda?

Maana nilikuwa nimeshaona mambo. Kwanza, begi. Watu wanakwenda matembezi ya siku moja na mkoba mdogo. Wewe ulibeba begi ambalo mtu angehamia nalo. Pili, ulivaa sweta mbili, na anayevaa nguo juu ya nguo ana sababu. Tatu, simu. Kabla hatujafika nusu ya safari iliita, ukaitazama, ukainuka, ukaenda kuongelea karibu na choo huku umenipa mgongo. Nilikufuata, nikajifanya nasoma tangazo. Niliambulia maneno mawili matatu tu: "Ndiyo... hapana... eko hapa."

Nani huyo aliyetaka kujua kama nipo?

Tukashuka kwenye ile stesheni nyeupe yenye paa la vioo, kubwa mpaka mtu unajisikia mdogo, na mimi sikuona uzuri wake hata kidogo. Nilikuwa nahesabu milango. Hatujatoka vizuri ukamsimamisha kijana mmoja mweusi, mkasalimiana kwa Kilingala, mkacheka. Nikajua ndiye mwenyeji wako huyo, sasa yanaanza. Akanyoosha mkono kuonyesha upande wa mto, akatupungia, akaenda zake. Ukaniambia umemuuliza njia ya kwenda kwenye ngazi. Nikageuka mara kadhaa kuona kama anatufuata.

Mado, mji ule ulikuwa mzuri. Nakubali sasa. Ulikuwa na masizi kwenye kuta na maduka yaliyofungwa kama mtaa wenu wa Berea, lakini watu wake walitusalimia barabarani, kitu ambacho Brussels hakuna aliyekifanya. Mto ulipita katikati taratibu, rangi ya chai. Mzee mmoja alipotuona tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, tukisubiri, akavuka nasi huku akituelezea mambo kwa Kifaransa mpaka ng'ambo, nawe ukawa unamjibu "oui papa, oui papa" kama mjukuu wake. Nilikuwa naye macho pia.

Kisha ukaliona duka la nguo. Ukanivuta ndani. Kumbe na wao wana mitumba! Tulicheka mpaka muuzaji akacheka nasi bila kujua tunachekea nini, maana sisi tulizoea kuona mitumba yao ikija kwetu, hatukuwahi kufikiria kwamba wanaivaa kwanza wao kwa wao. Lakini wewe hukununua. Ulikuwa unazigeuza nguo ndani nje, moja baada ya nyingine, unanung'unika. Huyu fundi mvivu. Huyu mlevi. Ukafika kwenye koti moja la sufu nyeusi, la kike, la zamani sana, limeshonwa kwa mkono. Ukalipindua, ukapitisha kidole kwenye mshono. Ukanionyesha. Kila mshono ulikuwa umeachiwa kitambaa kipana ndani, kimekunjwa vizuri na kubanwa kwa uzi, ubavuni, mabegani, mpaka kwenye pindo.

"Mwenye kushona hii," ulisema, "alijua hataonana tena na mwenye koti. Angalia. Alimuachia nafasi ya maisha yote."

"Labda alikuwa na kitambaa kingi tu," nikakujibu. Nilikuwa naangalia mlango wa nyuma wa duka, kama una pa kutokea.

Ulilirudisha lile koti kwenye henga polepole, ukalifunga vifungo vyote.

Ngazi zipo. Sikutegemea. Zinapanda moja kwa moja, zimenyooka, nyumba za matofali zimejipanga pembeni na vyungu vya maua madirishani. Ulisimama chini ukaweka mkono mdomoni. Ukanionyesha mlango mmoja wa kijani upande wa kushoto, ukasema kwenye picha ulikuwapo, ulikuwa unajua lazima kuna mtoto anakaa pale. Nikaanza kukuamini, nusu. Tukapanda. Nilipanda nyuma yako, nikakataa kutangulia, nikihema kama pampu, na kila ulipopumzika nilipumzika ngazi mbili chini.

Juu kabisa kuna benchi na mji mzima uko miguuni. Ukakaa, ukalifungua begi. Nilisimama kando nione ni nguo ngapi umebeba. Ukatoa bukari, ugali wa kwenu, umeifunga kwa nailoni na taulo, bado vuguvugu. Ukatoa samaki, ukatoa pilipili kwenye chupa ya jemu. Ukatoa kikombe, kile nilichokisifia asubuhi kwa wenyeji wetu; kumbe uliwaomba wakupe. Kisha ukavua sweta ya juu, ukanitupia.

"Vaa. Nilijua utakuja na ile kakoti yako ya ofisi utetemeke. Nimevaa yako tangu asubuhi ipate moto."

Nikaivaa. Na hapo hapo simu yako ikaita, mikono yako yote miwili imejaa samaki, ukanifanyia ishara nikubonyezee. Kwenye kioo nikasoma: Mchungaji. Nikabonyeza, nikaweka sauti kubwa.

"Mado! Mama Wambui angali eko?"

Ukafumba macho. "Angali eko, Pasta."

"Usimuachilie. Bantu ba kusoma njo banakimbiaka ba kwanza. Umushike."

Akakata. Njiwa mmoja akaja akasimama karibu na samaki wetu.

"Mimi?" nikasema. "Eti wasomi ndio wa kwanza kukimbia? Mimi, mwenye kazi Midrand? Mwenye mtoto?"

"Aliniambia ku uwanja wa ndege," ulisema, "ile wakati ulienda kutafuta toroli. Akasema, Mkenya hana furaha tangu waliingia mu nyumba yake kuiba, atabaki huku, amulete mutoto nyuma. Akasema nikuchunge. Juu ya nini unafikiri nilikuwa naongelea ku choo?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nikuambie yangu, na ndipo simu yangu nayo ikaita. Hatukuhitaji kuitazama. Nikaipokea, nikaweka sauti kubwa, na Mchungaji akauliza kwa uchungu wa baba: "Mama Wambui, Mado angali eko?"

Sijawahi kucheka vile, kabla wala baada. Ulianguka kutoka kwenye benchi. Tulicheka mpaka mama mmoja mwenye mbwa akaja kutuuliza kama tunaumwa. Tulikula ile bukari tukiwa na machozi, na kila mmoja akikohoa mwenzake anamwambia, "Pasta, angali eko." Kama kuna saa moja ya maisha yangu ambayo sikumshuku mtu yeyote, ni ile.

Haikudumu. Tulirudi stesheni jioni, treni yetu bado kidogo, ukaniambia, "Ngoja hapa, nakuya." Ukaenda. Ukakawia. Nikatazama ubao wa treni, nikaona kwenye jukwaa la pili kuna treni ya Ujerumani inakaribia kuondoka. Roho ikanitoka. Nikawaza: ameniweza. Bukari, sweta, kicheko, yote ilikuwa ya kunilegeza. Nilisimama na simu mkononi, kidole kiko juu ya jina la Mchungaji, na sikubonyeza. Mpaka leo sijui kwa nini sikubonyeza. Nadhani nilikuwa nasema, kama anakwenda, basi aende, lakini asiseme mimi ndiye niliyemshika.

Treni ya Ujerumani ikaondoka. Ukatokea upande ule ule, umebeba gofa mbili, mikate yao ile ya vishimo vishimo, za moto zenye sukari, na macho yako yalikuwa mekundu. Ukasema ni baridi. Nikapokea gofa yangu, nikasema asante.

Tulipokuwa tumeshapita vituo kadhaa nikakuuliza, nikitazama nje: "Ulitaka kubaki?"

Ulitafuna kwanza ukamaliza. "Siku mi nitaenda, Mama Wambui, nitakuaga. Mi siko mutu wa kwenda bila kuaga."

Niliishika hiyo kauli kama mtu anavyoshika risiti.

Kwa hiyo utanielewa ulipoondoka. Nilikuja Berea nikakuta chumba chako kinapakwa rangi, meza ya cherehani iko koridoni bila kichwa, na mama wa chumba cha pili ananiambia habari za harusi Durban. Nilikasirika kuliko nilivyohuzunika. Nikasema, niliyajua haya. Nilikuwa sahihi tangu Liège, alikuwa akinizunguka miaka yote. Wengine wanasema uko Ujerumani. Wengine wanasema umerudi Lubumbashi kumuuguza baba. Wengine wanasema uliogopa, baada ya wale vijana kuja kuyavunja maduka ya wageni mtaani kwenu, na ulikuwa na haki ya kuogopa. Wambui akanijibu kwa mtindo wake wa huku, "Eish, Mama, achana naye." Sikuachana. Nilikukagua.

Na gauni lako la mwisho nikaendelea kulivaa kila Jumapili, lile la kitenge cha bluu ulilonipa wiki chache kabla, ukakataa kabisa nikulipe, ukasema ni zawadi ya bure. Hata hilo nililishuku baadaye. Nikasema, alikuwa anaosha mikono.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi iliyopita. Nimenenepa, Mado. Zipu ilikataa. Ikanibidi, kwa aibu kama mke anayekwenda kwa mwanamume mwingine, nilipeleke gauni lako kwa fundi wa Kitanzania kule Rosettenville. Kijana mpole. Nikamwambia mapema, hapo hakuna kitu ndani, huyu aliyeshona haachi nafasi, utaongeza tu kitambaa kingine. Akaligeuza. Akafumua bitana kidogo kwa wembe, akaingiza vidole, akanitazama.

"Mama, mbona kitambaa kimejaa humu?"

Nikamwambia anipe. Nikaingiza vidole vyangu mwenyewe. Ubavu wa kulia, upana wa kiganja. Ubavu wa kushoto vilevile. Mabegani. Mikononi. Kwenye pindo umekunja kitambaa mara mbili na kukibana kwa mkono, kwa ule uzi wako mweupe. Umeniachia nafasi ya kunenepa, na kuzeeka, na kuzidi kunenepa.

Nilikaa chini kwenye lile duka la watu nikalia. Fundi maskini akadhani amenikosea bei.

Uliniaga, Mado. Uliniaga kwa namna yako, na mimi, mwenye macho ya kuona kila kitu, nikalivaa kanisani kila Jumapili nikiwaambia watu kwamba hukuniaga.

Kijana akaniuliza afungue kiasi gani. Nikamwambia asifungue chochote, arudishie bitana ilivyokuwa. Akashangaa, akasema, "Lakini mama, zipu haifungi." Nikamwambia haidhuru, nitavaa sweta juu yake. Unajua ni sweta gani. Hiyo nafasi ndani sitaki aiguse mtu. Ukirudi, utaifungua mwenyewe, na usiporudi, nitakula kidogo.

Mchungaji bado ananiuliza kila wiki kama nina habari zako. Jumapili ijayo nimeshajua nitamjibu nini.

Angali eko, Pasta.

Ni mimi, mlinzi wako wa Liège,
Mama Wambui